SRD 5.1 bila wachawi: kanuni za bure za Dungeons & Dragons kwenye mkeka wetu wa Lamu

Nianze na bei, maana hapa kisiwani hilo ndilo swali la kwanza: waraka ni bure. SRD 5.1 ni kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, toleo la tano, ambazo kampuni ya Wizards of the Coast iliziweka chini ya leseni ya Creative Commons mwezi wa Januari 2023, baada ya wachezaji kuja juu waliposikia kampuni inataka kuibana leseni ya zamani. Ukishaupakua ni wako. Waweza kuuchapisha, kuutafsiri, kuukatakata, hata kuuza utakachojenga juu yake, mradi umtaje mwenye asili. Gharama inaanzia kwenye mashine ya kuchapisha. Kurasa ni zaidi ya 400, na duka ninaloliendea hutoza shilingi 10 kwa ukurasa, kwa hiyo anayezitaka zote atoe elfu nne na ushei kabla hajarusha dadu hata mara moja. Mimi sikuzitoa, kwa sababu kwa mchezo tunaoupenda sisi sehemu kubwa ya waraka huu ni mzigo.

Tunaoupenda ni mchezo wa uchawi haba. Mapanga, majahazi, masultani wenye visirani, na jini mmoja ambaye watu humtaja kwa kunong'ona, basi. Yale mambo ya kila mhusika wa pili kurusha moto viganjani hatuyataki. Kwa hiyo tathmini hii haiulizi kama Dungeons & Dragons ni mchezo mzuri; hilo limeshajadiliwa tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mwaka 1974. Inauliza: ukizichukua kanuni hizi za bure ukawaondoa wachawi, kinachobaki kinachezeka?

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni mazungumzo. Watu wanne watano huketi, mmoja ni msimulizi, waliobaki kila mmoja ana mhusika wake. Msimulizi aeleza mahali na yaliyotokea, mchezaji asema mhusika wake atenda nini, na jambo likiwa na shaka hurushwa dadu ya pande 20. Ubao hauhitajiki. Umeme pia hauhitajiki, na hilo kwetu ni sifa kubwa.

Msimulizi ni mimi. Mchana ni muuguzi wa zahanati, usiku wa wikendi naketi darini kwetu Langoni na watu wangu: mdogo wangu wa kiume, ambaye huendesha boti ya abiria kwenda Mokowe, Maalim, afundishaye historia shule ya upili, binamu yangu wa Shela, mfanyakazi wa hoteli, na fundi mmoja wa nakshi za milango ambaye huja akiwa bado na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mwezi wa Ramadhani twacheza baada ya tarawehe mpaka karibu na daku, na hiyo ndiyo misimu yetu bora.

Uchawi tuliupunguza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mamangu. Alisikia dadu zikigonga sinia, akapanda ngazi, akauliza, "Kamari?" Nikamwambia la, hakuna pesa hapa. Akamtazama Maalim, aliyekuwa anasoma kwa sauti maelezo ya kumwita pepo. "Basi ni uchawi." Maalim aliinamisha kichwa akajidai anatafuta kalamu. Mwenye mzazi wa namna hiyo ajue kwamba dadu zina dawa: andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, tia koponi, kila mtu achomoe kimoja akirudishe kabla ya mwenzake kuchomoa. Bahati ni ileile. Uchawi hauna dawa nyepesi hivyo, maana umeenea waraka mzima.

Sababu ya pili ni ladha, na hii ndiyo yangu. Sisi tumelelewa na kisa cha Fumo Liyongo. Tazama kilivyo: katika kisa kizima ajabu kubwa ni moja tu, kwamba Liyongo hauawi ila kwa msumari wa shaba kitovuni. Yaliyobaki ni akili za watu. Akiwa kifungoni mamake amtumia mikate. Walinzi wala ile mizuri, wamwachia ule wa wishwa, na tupa imo ndani ya wishwa. Siku ya gungu ngoma zarindima, naye akata minyororo huku walinzi wanacheza. Sasa, katika SRD 5.1 kuna uchawi wa daraja la pili wa kufungua kufuli. Mpe Liyongo uchawi huo. Mkate umekwenda, mama amekwenda, gungu imekwenda, na kisa kimebaki sentensi moja.

Wengi wanaoanzisha mchezo wa uchawi haba huwaambia wachezaji wasichague mchawi, wakadhani wamemaliza. Humu uchawi si nakshi ya mlango, ni boriti za dari. Aina za wahusika ni 12, na 8 kati yao hutumia uchawi kwa namna moja au nyingine. Wasiouhitaji ni wanne tu: mpiganaji, mjanja wa kuiba na kuvizia, mtawa wa ngumi, na yule shujaa wa hasira. Tena kila aina imepewa tawi moja tu katika waraka huu wa bure, matawi mengine yako kwenye vitabu vya kununua. Wachezaji wanne wakishachagua kila mmoja aina yake, hapabaki chaguo. Mhusika wa pili wa mpiganaji hutofautiana na wa kwanza kwa silaha, kwa mtindo wa kupigana na kwa tabia utakayompa mwenyewe, basi. Kwa meza ya watu wanaopenda kuhesabu na kupanga uwezo, hilo ni pungufu kubwa. Kwa binamu yangu, anayependa kuigiza sauti, halikumgusa kabisa.

Uzito halisi umo katika kazi ambazo uchawi huzifanya kimyakimya. Upo uchawi wa daraja la kwanza utoao maji galoni 10, karibu lita 38. Upo mwingine wa daraja hilohilo utoao vitunda kumi, na kila kimoja kinamshibisha mtu siku nzima. Upo wa nuru ambao hauishi, waurudia kila saa bila gharama. Upo wa kumzuia mtu aliye mbele yako asiseme uongo. Upo wa kumuuliza maiti maswali matano, na hapo hadithi ya nani kamtilia sultani sumu imekwisha kabla kahawa haijapoa. Na kwa mwenye almasi ya kutosha upo wa kumfufua maiti mwenyewe. Ukiviondoa vyote kwa pamoja, njaa, kiu, giza, uongo na kifo vinarudi mchezoni siku hiyohiyo. Swali ni kama waraka umekupa kanuni za kuvishughulikia.

Kwa kiu na njaa umekupa, na hizo kurasa chache ndizo nizipendazo kuliko zote. Mtu ahitaji galoni moja ya maji kwa siku, na mbili kwenye joto. Akipata pungufu ya nusu, anaongezwa daraja la uchovu bila kurusha dadu, na kama alikuwa na uchovu tayari anaongezwa mawili. Madaraja ya uchovu ni sita: la kwanza linamharibia kila jaribio la uwezo, la pili linakata mwendo nusu, la tatu linaharibu mashambulizi, la nne linakata nusu ya uhai, la tano linamlaza chini, la sita ni kifo. Niliwapeleka wahusika kwenye kisiwa cha mji uliohamwa, nilioujenga kwa kuikumbuka Takwa kule Manda: msikiti, kuta za matumbawe, kaburi lenye nguzo, mibuyu, na visima vilivyoingia chumvi. Walishuka pwani wakiwa na mtungi mmoja wa lita 20 kwa watu wanne. Mdogo wangu, ambaye nje ya mchezo hafungui injini bila kuhakikisha maji ya kunywa, ndiye aliyeuliza kwanza, kwa Kiamu cha nyumbani: "Mai tunayo?" Tukapiga hesabu. Watu wanne, joto, galoni mbili kila mmoja, ni lita 30 kwa siku. Wana lita 20 na upepo haufai kurudi. Usiku ule hapakuwa na vita hata kimoja, wala jini, na hakuna aliyesinzia. Walikuwa wanabishana nani apunguziwe, huku mhusika wa Maalim akidai kwamba mzee hukata kiu kwa subira, na fundi akimjibu kwamba subira haina galoni.

Nuru pia imekaa sawa. Mwenge huwaka saa moja, fanusi huwaka saa sita kwa chupa moja ya mafuta, na mwanga wake una mipaka iliyoandikwa kwa futi. Niliwapimia mafuta, nao wakaanza kuuliza ni saa ngapi mpaka mwezi uchomoze. Hiyo ni faida utakayoipata bila kuandika kanuni hata moja.

Uponyaji ndio ulionikasirisha. Ninafunga vidonda kwa mshahara, kwa hiyo nisamehewe nikirefusha. Kwa mujibu wa SRD 5.1, mtu mwenye pointi 30 za uhai akichomwa mkuki mpaka akabakiwa na pointi 1, akilala saa nane anaamka na 30. Sio pointi kumi. Thelathini. Nimewapokea wavuvi waliochomwa na mwiba wa samaki taa wakakanyagia mguu mmoja kwa majuma, na hao walikuwa na maji moto, dawa na muuguzi mwenye maneno makali. Kwenye mchezo wa kawaida kanuni hiyo haisumbui, kwa sababu kasisi, mhusika anayeponya kwa uchawi, angemponya mgonjwa kabla ya kulala hata hivyo. Ukishamwondoa kasisi, unagundua usingizi wenyewe ndio kasisi mkubwa kuliko wote, na hakuna mahali popote kwenye waraka panapokuonya.

Kitabu cha msimulizi cha mwaka 2014, ambacho ni cha kununua, kina pendekezo: mapumziko mafupi yawe saa nane, na marefu, yaani ule usingizi wa kurudisha uhai, yawe siku saba. Wasimulizi wengi wa uchawi haba hulikimbilia. Sisi tulilijaribu na lina dosari ambayo hutaiona mpaka uwe na wahusika wasio wachawi peke yao. Shujaa wa hasira akiwa daraja la tatu (mhusika hupanda madaraja kadiri anavyozidi kucheza) ana hasira tatu tu kwa kila mapumziko marefu, kwa hiyo sasa ana tatu kwa juma zima. Binamu yangu aliishia kumchezea mhusika mpole kuliko sote. Mpiganaji naye hurudishiwa pumzi yake, ule uwezo wa kujirudishia uhai kidogo, kila usiku, ana afadhali. Mjanja hapotezi kitu, kwa maana katika madaraja ya chini hakuna uwezo wake unaongojea mapumziko. Kanuni iliyotungwa kuwabana wachawi, wachawi wakiondoka, inambana mtu mmoja asiye na kosa.

Tulichokaa nacho ni hiki. Hasira na pumzi vinarudi kama kawaida ya waraka. Uhai peke yake ndio hautii: usingizi wa usiku mmoja humpa mtu dadu moja ya uhai, ile ya kurushwa ili kurudishiwa pointi, na nyingine moja kama kuna mtu aliyemsafisha kidonda kwa maji safi na kutumia sanduku la tiba. Sanduku hilo limo kwenye orodha ya bidhaa, lina matumizi kumi, na kazi yake rasmi ni kumzuia anayekufa asife bila haja ya kurusha dadu. Dawa ya kuponya ya kwenye chupa, ile ya sarafu 50 za dhahabu, niliifuta kwenye orodha kabla hawajaiona. Tangu hapo watu wangu huogopa mkuki.

Upande wa maradhi waraka una hazina ambayo sikuitarajia. Ni mifano mitatu tu, lakini imeandikwa na mtu aliyefikiri. Mmoja ni maradhi ya mitaro ya maji machafu: hukaa siku kadhaa mwilini kabla ya kujitokeza, humpa mgonjwa uchovu, na maadamu anaumwa usingizi haumrudishii pointi hata moja. Mwingine ni wa macho, hutokana na kunywa maji yaliyochafuka, na dawa yake ni marhamu ya ua fulani: dozi moja huzuia ugonjwa usizidi, tatu huumaliza. Nauita huu uandishi mzuri. Ugonjwa una chanzo, una muda, una dawa inayotafutwa kwa miguu. Kwa meza yenye kasisi, uchawi wa daraja la pili huufuta kwa mguso mmoja na ukurasa mzima hauna maana. Kwetu ulitupa safari ya kwenda bara kutafuta ua, pamoja na ugomvi mrefu kuhusu nani abaki na mgonjwa.

Majitu na mazimwi nayo ni kazi. Kila kiumbe kimepewa kipimo cha ugumu, na kipimo hicho kinachukulia kwamba kundi lako limepumzika na lina vifaa vinavyofaa. Chukua kile kivuli kinachonyonya nguvu. Kipimo chake ni nusu, yaani cha watu wachanga kabisa, na kina pointi 16 tu za uhai. Lakini silaha ya kawaida hukipunguzia nusu ya madhara, kwa hiyo kwa kundi letu kilikuwa na pointi 32, na kila kikigusa kinaondoa nguvu za mtu, mpaka zikifika sifuri afe. Vivuli vitatu kwenye chumba chenye giza vitawamaliza wahusika wa daraja la kwanza. Msimulizi mgeni, usikiamini kipimo kile.

Yule mtu anayegeuka mbwa mwitu yeye amezidi: silaha isiyo ya fedha wala ya uchawi haimdhuru hata chembe. Nilimgeuza fisi, kwa sababu mbwa mwitu wa Ulaya huku ni mnyama wa kusimuliwa tu, nikamweka ng'ambo ya bara anapokula mbuzi na kisha watu. Waraka una bei ya kutia fedha kwenye silaha, sarafu 100 za dhahabu, ambazo hawakuwa nazo. Mhusika wa binamu yangu akavua vikuku vya fedha vya nyanyake, akavipeleka kwa sonara. Tulikaa kwenye duka la sonara huyo wa kubuni muda mrefu kuliko tuliokaa kwenye pambano lenyewe. Sonara aliuliza vikuku vya nani, akakumbuka harusi, akapunguza bei, na fundi wetu wa nakshi, asiyezungumza sana, akaeleza kwa nini ncha ya fedha tupu itapinda na kwamba ipakwe juu ya chuma.

Hapo ndipo nilipopata njia yangu kwa viumbe vyote vilivyobaki, na ni ya Liyongo. Kila panapoandikwa kwamba kiumbe chahitaji silaha ya uchawi, nafuta, naandika kitu kimoja kinachomweza, na watu wawili mjini wanaokijua. Chumvi ya kisima fulani. Jina la mamake. Kuni za mti uliopigwa na radi. Silaha ya uchawi huokotwa sandukuni na kazi ikaisha. Siri hutafutwa kwa watu, na watu ndio mchezo. Liyongo mwenyewe hakuuawa na panga bora, aliuawa na mwanawe aliyemwuliza swali.

Sasa nimseme mwindaji, mmoja wa wale wanane wenye uchawi, maana mdogo wangu hatanisamehe nisipomsema. Huyu hupata uchawi kuanzia daraja la pili, na kuuondoa si tabu. Tabu ni kipaji chake cha daraja la kwanza: huchagua aina moja ya nchi, pwani ikiwamo, na akishaichagua kundi lake halipotei tena humo ila kwa uchawi, na akitafuta chakula hupata maradufu. Katika mchezo wa visiwa, ukichagua pwani umeifuta nusu ya taabu tuliyoisumbukia. Mdogo wangu aliposomewa alitema mate pembeni. "Dada, mimi nimezaliwa majini na Mkanda umeshanipakia mchangani." Mkanda ni ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, na maji yakitoka hauna huruma na mtu yeyote. Tulimbadilishia kipaji: hapotei akiwa na muda wa kutazama, yaani kama anaweza kusubiri maji yajae.

Meli ndizo nilizozicheka. Jedwali linasema meli ya matanga ni sarafu 10,000 na huenda maili mbili kwa saa. Basi. Hakuna kusi, hakuna kaskazi, hakuna bamvua wala maji mafu. Kwa Mmarekani wa bara huenda yatosha. Mdogo wangu alichukua karatasi akaandika jedwali lake la pepo na miezi, nasi hilo ndilo tutumialo.

Daraja la kukomea ni jambo jingine la kuamua mapema. Wachezaji wa toleo la tatu walikuwa na mtindo waliouita E6: wahusika wakifika daraja la sita hawapandi tena, huongeza vipaji vidogovidogo tu, wakabaki binadamu wanaoogopa genge la wezi. Fikra nzuri mno kwa uchawi haba. Ila SRD 5.1 ina kipaji kimoja tu cha kuchagua, cha mieleka. Ukifuata E6 kwa waraka huu peke yake, baada ya daraja la sita mji mzima utakuwa wa wapigana mieleka. Tumekomea la sita, na vipaji tunavitunga wenyewe.

Wapo watakaouliza kwa nini tusinunue kitabu kilichotungwa kwa kazi hii. Vipo. Cubicle 7 walitoa mwaka 2016 Adventures in Middle-earth, ya ulimwengu wa hadithi za Tolkien, juu ya kanuni hizihizi za toleo la tano, yenye aina sita za wahusika na hakuna hata moja yenye uchawi, pamoja na kanuni za safari ambamo kila mtu ana kazi yake: kiongozi wa njia, mpelelezi, mwindaji, mlinzi. Leseni yao ilikwisha, na mwaka 2023 Free League wa Uswidi wakatoa cha kwao. Kama una pesa na mtu wa kukubebea kutoka nje, kanuni za safari humo zinashinda chochote kilichomo kwenye SRD. Lakini utanunua na nchi yao, misitu yao na baridi yao, na utakaa kuvua kila kitu hicho kabla ya kuvisha kanga.

Mwaka 2025 ilitoka SRD 5.2, nayo bure. Kwa uchawi haba nakushauri ubaki na 5.1. Katika mpya mwindaji ana uchawi tangu daraja la kwanza, na usingizi mmoja hurudisha hata dadu zote za uhai, ambazo katika 5.1 hurudi nusu. Imekuwa laini zaidi pale ambapo sisi tulitaka ugumu.

Lugha ni Kiingereza kizito cha kisheria, sentensi ndefu zenye masharti ndani ya masharti, na jedwali la yaliyomo halikusaidii upesi mbele ya watu wanaongoja zamu. Maalim ametafsiri kurasa za uchovu, kiu na mapigano, nasi twazisoma kwa Kiswahili. Leseni inaruhusu, kwa hiyo mwenye hamu afanye hivyo bila hofu.

Kwa meza ya uchawi haba naupa nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa nne kama wangeandika ukurasa mmoja tu wa uponyaji wa polepole na kuutia humu bure badala ya kuuacha kwenye kitabu cha kununua.

Ukienda kuchapisha, ruka sura ya uchawi yote, ni karibu robo ya waraka. Ruka hazina za uchawi. Chukua aina nne za wahusika nilizozitaja, orodha ya bidhaa, sura ya safari na mazingira, mapigano, maradhi na sumu. Kisha nenda mwisho kabisa. Huko nyuma ya mazimwi yote, kwenye viambatisho ambavyo watu hawafiki, kuna wanyama wa kawaida na watu wa kawaida: mamba, papa, fisi, nyoka wa sumu, halafu mlinzi, jambazi, nahodha wa majambazi, mpelelezi, askari mkongwe, kabaila, muuaji wa kukodiwa. Hao ndio maadui wetu karibu wote, kurasa zao zimeshika mafuta ya mahamri mpaka hazisomeki, na safari ijayo dukani nitalipia nakala mbili.